Alhamisi za Sista Salina

Tulimzika Sista Salina nyumbani kwake katika kijiji cha Ziwa, kando ya shamba la mahindi lililokuwa limetoka kuvunwa. Mabua yalikuwa bado yamelala chini pale hema lilipopigwa, na wageni walikanyaga juu yake na viatu vyao vizuri. Alikuwa amestaafu zamani. Aliugua siku chache tu, akafa kitandani kwake watoto wake wakiwepo, na mimi nilipopigiwa simu nililia kidogo, kisha nikatafuta pasi ninyooshe gauni langu jeusi. Baada ya kaburi kufunikwa tulipewa wali, nyama, kabichi, na mursik, yale maziwa ya mgando ya Kikalenjin, kwa waliotaka. Msichana mmoja aliyekuwa akigawa sahani, mjukuu wake, aliniuliza nilijuana vipi na nyanyake. Nikamwambia alikuwa mkubwa wangu kazini kule Yamumbi, Eldoret, mwaka mmoja. "Mwaka mmoja tu, na umetoka mbali hivyo?" akasema. Nikamwambia ndiyo, nikaendelea kula. Lakini swali lake halikuniacha. Nimefanya kazi miaka mingi, sehemu nyingi, na kama ningeambiwa leo nichague mwaka mmoja wa kubaki nao na mingine yote nisahau, ningechagua ule.

Nilikotoka na jinsi nilivyofika Eldoret si habari ya hapa. Itoshe kwamba nilikuwa na miaka ishirini na saba, sina mume wala mtoto, na nilikuwa nimepata kandarasi ya mwaka mmoja ya ukarani katika zahanati ya serikali. Nilikuwa nimepanga chumba katika ploti ya vyumba vinane, vinne vikitazamana na vinne, katikati uwanja wa saruji wenye mfereji mmoja tu wa maji ya bomba. Wanawake wote wa ploti walikutana kwenye mfereji huo wakitaka wasitake. Ukuta uliotenganisha chumba changu na cha jirani haukufika juu kwenye mabati. Mwenye nyumba alikuwa ameishiwa na matofali, au na hamu ya kujenga, na aliacha nafasi ambayo ungeweza kupitisha sufuria. Kwa hiyo nilijua jirani zangu walikula nini, walisali saa ngapi, na nani kati yao alikoroma. Jirani hao walikuwa Mama Felix na mumewe. Mama Felix alitoka upande wa Kisumu na alikaanga samaki kwenye lango la ploti, mwanamke mpana, mwenye sauti ya kufika mtaa wa pili. Baba Felix alikuwa fundi wa mbao na nadhani mwaka huo wote hakuniambia maneno mia. Katika ploti yetu, jambo lilikuwa halijaamuliwa mpaka Mama Felix aseme neno juu yake. Unga wa duka gani, mhubiri yupi ni wa kweli, daktari gani wa meno hana huruma: alisema yeye, na sisi tukafuata.

Zahanati ilikuwa na vyumba viwili vya kazi na kimoja cha kuhifadhia vyandarua. Mwanzoni mwa mwaka ule Sista Salina, muuguzi wetu, alivitoa vile vyandarua, akavigawa vyote kwa wiki moja, akaosha sakafu yeye mwenyewe akiwa amejifunga leso kiunoni. Alikuwa mwanamke mwembamba, mtu wa Ziwa hasa, mwenye kuongea polepole kana kwamba kila neno lilikuwa na mahali pake. Aliweka kitanda, taa yenye shingo ndefu na pazia la maua aliloshona nyumbani. Kisha akabandika karatasi mlangoni: kila Alhamisi, wanawake wangepimwa mlango wa kizazi, bila malipo. Alitueleza sisi wafanyakazi yale aliyofundishwa kwenye semina mjini. Muuguzi anafungua njia kwa chombo, anapaka siki nyepesi, anangoja dakika moja. Kama kuna sehemu yenye kasoro, inageuka nyeupe. Sehemu hiyo ikitibiwa mapema inaisha, na yule mama hatafika siku ya kuambiwa ana kansa. "Ni hivyo tu," alisema. "Si lazima mtu awe mgonjwa ndio aje. Ninataka waje wakiwa wazima."

Alhamisi ya kwanza hakuja mtu. Ya pili walikuja wanawake watatu, na wawili kati yao walikuwa wamefuata vyandarua. Sista Salina alikaa kwenye kile kitanda kipya akila mahindi ya kuchemsha, akaniita. "Nafula," akasema, "wewe unakaa na hawa watu. Mimi wakiniona wanadhani kuna mtoto hajachanjwa, wananitoroka. Nenda uongee nao." Nikamuuliza nitawaambia nini. "Yale niliyowaambia. Usiongeze kitu." Alikuwa ameshaniuliza mara moja kama ningependa nipimwe mimi kwanza, nikamwambia niko kwenye siku zangu. Haikuwa kweli. Hakuniuliza tena.

Jumamosi ilikuwa siku ya kufua. Palikuwa na jua la Eldoret lile ambalo linachoma mgongo huku miguu iko baridi, na wanawake sita walikuwa wameinama kwenye mabeseni. Nikasema habari yangu. Walisikiliza bila kuacha kufua, kisha maneno yakaanza. Mmoja alikuwa amesikia kwamba kile chombo ni cha chuma na ukitoka hapo huzai tena. Mwingine alisema hiyo kitu ni ya wanawake wa baa, yeye ana bwana mmoja na kanisa moja. Wa tatu alisema wanapiga picha. Mama Felix aliwaacha wote wamalize. Akakamua shati la mumewe, akalikung'uta, akaniangalia. "Na wewe, Nafula, umepimwa?"

Nimewahi kujaribu kukumbuka kama nilifikiria kabla ya kujibu. Sidhani. Macho kumi na mawili yalikuwa juu yangu, na nilijua nikisema hapana, ile kazi imeishia pale kwenye sabuni. "Nimepimwa," nikasema. "Ni dakika tano. Hata hausikii kitu." Mama Felix akaitikia kwa kichwa. "Sawa," akasema. "Kama msichana hajaolewa ameweza, mimi nimezaa wanne, nitashindwa na nini?" Mambo yakawa yameamuliwa. Nilirudi chumbani nikapika omena na sukuma nikala kwa hamu nzuri kabisa. Nasema hivi kwa sababu watu hudhani mwongo hukosa usingizi. Mimi nilijipongeza.

Alhamisi Mama Felix aliwaleta wenzake wanne, wamevaa kama watu wanaokwenda kanisani. Niliandika majina yao kwenye rejista. Mama Felix aliingia wa kwanza, na nilisikia sauti yake kupitia mlangoni akimuuliza Sista kama kwao Ziwa samaki wanafika. Halafu sauti ikapungua. Halafu nikasikia Sista Salina peke yake akiongea, polepole, kwa muda mrefu, na nikajua kuna jambo. Mlango ukafunguliwa kidogo, akaniomba nilete fomu ya kumpeleka mgonjwa hospitali kubwa ya mjini. Nilipoingia, Mama Felix alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, leso imefungwa vizuri, viatu bado viko chini. "Kuna sehemu imeonyesha," Sista Salina alisema, akiniambia mimi lakini akimwangalia yeye. "Si kansa. Ni kitu kinaweza kuja kuwa kansa baadaye kikiachwa. Wataigandisha kwa baridi, inakufa, ngozi mpya inaota." Mama Felix alikuwa hasikii tena. Alinigeukia. "Nafula, wewe walipokupima, uliogopa namna hii?"

Sista Salina alijua. Chumba kile kilikuwa chake, na hakuna mwanamke aliyelala pale bila yeye. Angeweza kunisaidia kwa neno moja, au kuniangusha kwa neno moja, na hakufanya lolote. Aliinama akaandika kwenye fomu. Nikasema, "Mama Felix, mimi sijapimwa."

"Unasema?"

"Sijapimwa. Nilikudanganya pale kwa mfereji."

Hakupaza sauti, na hilo liliniumiza kuliko kelele zake zote ambazo nilikuwa nimezizoea. "Mbele ya watu," alisema. "Uliniangalia kwa macho ukasema hausikii kitu." Akavaa viatu, kimoja kwanza, halafu cha pili, akatoka bila fomu. Nje wale wengine wanne wakasimama na kumfuata, na kupitia dirishani nikawaona wakipanda njia kuelekea nyumbani, yeye mbele.

Nilimngoja Sista Salina anifukuze. Alifunga faili, akaosha mikono, akaipangusa. "Nimesikitika," alisema. "Lakini yako itangoja. Ile ya Mama Felix ikitibiwa sasa, itaisha. Ikikaa miaka, mimi sijui. Kwa hiyo huna nafasi ya kukaa hapa ukiona aibu. Utafanya nini?" Nikamwambia nataka kupimwa. Akasema, "Ili umwonyeshe?" Nikasema ndiyo, na kwa sababu naogopa. Akafunga mlango.

Nikiwa muuguzi sasa nimewaambia wanawake wengi vile inavyokuwa, na huwa nawaambia hivi nilivyopimwa mimi. Shuka lilikuwa baridi. Niliona haya sana kwa dakika mbili za mwanzo, na nilikazana kutazama mahali dari ilipovuja na kuacha alama. Kile chombo kiliponiingia nilihisi kusukumwa, kama maumivu ya siku ya kwanza ya mwezi, si zaidi. Siki iliwasha kidogo. Ile dakika ya kungoja ndiyo ilikuwa ndefu. Katika dakika hiyo nilijiona nimeshakufa, nikapanga nani atachukua godoro langu. Kisha Sista Salina akasema, "Uko sawa. Vaa." Akanipa kadi yenye jina langu na kuniambia nirudi baada ya miaka mitatu.

Jioni hiyo nilienda langoni na kadi mkononi. Mama Felix alikuwa na karai la mafuta moto mbele yake na samaki wanne ndani. Hakuniangalia. Nikamwambia yote kama nilivyoyaandika hapa, hata ile ya godoro. Aligeuza samaki mmoja mmoja. "Na walikuambia uko aje?" akauliza.

"Niko sawa."

"Basi ni rahisi kwako kuongea."

Nikamwambia, "Ni kweli. Ni rahisi kwangu. Lakini ukienda mjini nitaenda na wewe, nitakaa hapo mpaka mwisho." Akaweka samaki kwenye gazeti, akamkabidhi mteja aliyekuwa nyuma yangu, na akamuuliza mteja huyo habari za watoto wake. Nikaingia ndani.

Alhamisi iliyofuata benchi la zahanati lilikuwa tupu. Ya baadaye pia. Ploti nzima ilijua. Nikienda mferejini maongezi yalibadilika yakawa ya bei ya mahindi. Sitasema yalikuwa mateso, kwa sababu nilikuwa kijana na nilikuwa na kazi, na sikuwa mtu wa kujilaza chini. Kila siku niliporudi nilimsalimu Mama Felix kwa jina, na kila siku nilimuuliza, "Twende lini?" Aligeuza samaki wake. Nilikuwa na hakika kwamba anakataa kwa sababu yangu, kwamba uongo wangu ndio umemfungia njia. Nilikuwa nimejiona mkubwa sana katika habari hii.

Jumapili moja asubuhi nilikuwa nikichemsha chai kabla ya kanisa. Watoto wa jirani walikuwa wametumwa dukani. Nikasikia Baba Felix akisema, kwa sauti yake ya chini, "Una nini? Wiki mbili unaniangalia kama mtu amekuibia." Nilipaswa kutoka nje. Sikutoka. Mama Felix akaanza kueleza, kwa Kiswahili, kwa sababu mumewe alikuwa wa kwetu Bungoma na hicho ndicho kilichowakutanisha: zahanati, sehemu iliyoonyesha, hospitali, baridi. Alieleza vizuri kuliko nilivyoeleza mimi. "Lakini kuna ile nyingine," akasema. "Sista alisema nikitibiwa, wiki nne nisikaribiane na wewe. Mwezi mzima. Nikaona nitakuambiaje? Utadhani nimeokota ugonjwa mahali. Ama utatafuta mwingine."

Nilizima jiko ili lisivume. Nilisikia kikombe kikiwekwa juu ya meza. "Nilipoenda Turbo kujenga ile stoo ya mahindi," Baba Felix alisema, "nilikaa miezi mingapi?"

"Mitatu."

"Na nilirudi na mwingine?"

"Ulirudi na kikohozi."

Akacheka yeye kwanza, na Mama Felix akafuata, kile kicheko chake ambacho nilikuwa sijakisikia wiki mbili. Halafu Baba Felix akasema kitu ambacho nimewaambia wanaume wengi, ingawa sikuwahi kumwambia kwamba nilimsikia. "Wewe enda utibiwe. Wiki nne ni kitu gani? Mimi nataka ubaki nasi." Baada ya muda mfupi mtu akagonga ukuta wetu kwa mwiko. "Nafula," Mama Felix akaita, "najua umesikia. Uombe ruhusa Jumanne."

Tulienda na ile fomu aliyoiacha. Hospitali kubwa ilikuwa na foleni iliyoanzia dirisha moja na kuishia dirisha jingine, na Mama Felix alipata marafiki watatu kabla hatujaitwa. Waliniruhusu nikae upande wa kichwa chake. Gesi ilipofunguliwa ilitoa sauti kama gurudumu linaloisha upepo. Dakika tatu, mapumziko ya dakika tano, kisha dakika tatu tena. Alinishika kidole gumba, si mkono, akakibana. Katika yale mapumziko alisema, "Ulisema kweli. Kama siku ya kwanza ya mwezi." Halafu akasema, "Siku ile ungeniambia hivi, ningekuja tu." Nikamwambia najua. Tulipotoka tuliingia hoteli ndogo karibu na lango, tukanywa chai ya maziwa na mandazi, na akala matano. Leo anaishi Turbo na wajukuu, na kila nikimpigia simu ananiuliza kwanza kama nimekula.

Sikumwomba aseme lolote kwa wanawake wa ploti. Alisema mwenyewe, Jumamosi, akiwa ameketi kwenye kigoda kwa sababu alikatazwa kubeba maji, na sisi tukimfulia. "Huyu Nafula alinidanganya," alisema, "na tumemaliza. Sasa mimi siwadanganyi. Unaona haya kidogo. Unasikia kitu kidogo. Mimi walipata jambo na limetolewa, na mzee wangu anajua, na hajanifukuza. Nani ako na swali?" Walikuwa na maswali mpaka nguo zikakauka. Alhamisi hiyo walikuja saba. Kufikia mvua za katikati ya mwaka benchi halikutosha, tukaazima viti kanisani, na akina mama walitoka hata Turbo wakiwa na watoto mgongoni. Sista Salina alinipa kazi ya kuongea nao asubuhi kabla hajaanza. Nilianza kila mara kwa kusema kwamba niliogopa na nikadanganya, na kisha nikaeleza lile shuka na ile dakika. Niligundua kwamba naweza kazi hii. Hakuna aliyekuwa ameniambia hivyo. Nilijiona mwenyewe nikiifanya. Nikachukua fomu za chuo cha uuguzi, na Sista Salina akaniandikia barua ya mistari minne ambayo ilitosha.

Karibu na mwisho wa kandarasi yangu alikuja muuguzi mwingine kutoka mjini, mwanamke wa makamo mwenye miwani, kusaidia kwa siku moja kwa sababu watu walikuwa wengi. Tulipofungua asubuhi Sista Salina aliniambia ningoje kuita wanawake. Alivua koti lake jeupe, akalitundika, akasimama katikati ya chumba alichokiosha mwenyewe kana kwamba hajui kitanda kiko upande gani. "Huyu atanipima mimi kwanza," alisema.

Nilimwangalia. Alikuwa na miaka hamsini na kitu. Kwa mwaka mzima alikuwa amewalaza pale wanawake wa Yamumbi wote.

"Nilijiambia hakuna mtu wa kunipima," akasema. "Mjini wapo. Nilikuwa nikienda mjini kila mwezi kuchukua dawa, na wapo." Akakaa kitandani, akaanza kufungua viatu, na vidole vyake vilikuwa vinachelewa kwenye kamba. "Siku ile ulipomwambia Mama Felix ukweli, mimi nilikuwa naandika fomu. Niliogopa asije akaniuliza kama mimi nimepimwa. Ndiyo maana sikukugombeza, Nafula. Ningekugombeza na mdomo gani?"

Nikapiga magoti, nikamvua viatu. Alilala, akavuta shuka, akatazama juu. Yule muuguzi wa mjini alikuwa akiosha mikono na hakutuharakisha. "Kaa hapa kichwani," Sista Salina akasema. "Niambie vile unawaambia wao."

Nikavuta kiti. Nikamwambia shuka litakuwa baridi. Nikamwambia ataona haya, hata yeye, na kwamba itapita. Nikamwambia atahisi kusukumwa, na siki itawasha kidogo, na kwamba dakika ya kungoja ni ndefu, asishangae. Alinisikiliza mpaka mwisho akiitikia kwa kichwa, kama mtu anayesikia jambo kwa mara ya kwanza. Tulingoja ile dakika wote watatu. Kisha yule mwenye miwani akasema, "Uko sawa, Sista," na Sista Salina akafumba macho, akavuta pumzi, akaitoa. Akaketi. Akavaa viatu, akachukua koti lake jeupe, akafunga vifungo vyote mpaka cha juu kabisa.

"Fungua mlango," akaniambia. "Watu wanangoja."